Moto Ukishapita: Mwongozo Kamili wa Kurudi, Kusafisha na Kujenga Upya kwa Watu wa Tabora

Ikifika Agosti, anga la Sikonge, Uyui, Kaliua na Urambo huwa limejaa moshi. Mara nyingi moto hula nyasi, ukapita zake, na baada ya siku chache ng'ombe wanatafuna machipukizi. Lakini kuna siku upepo hugeuka, moto ukaruka shamba la mtu na kuingia kitongojini. Mwongozo huu unaanzia asubuhi inayofuata na unakwenda na wewe karibu mwaka mzima.

Mifano mingi nimeitoa kwenye miji ya Marekani iliyoteketea miaka ya karibuni: Paradise mwaka 2018, Lahaina mwaka 2023, na vitongoji vya Los Angeles mwaka 2025. Wenzetu kule wana bima, magari ya zimamoto na mitambo ya kuzoa kifusi, na bado wamepitia mambo ambayo mtu wa Ipole au Ulyankulu atayatambua mara moja.

Anza na kalenda, tofali baadaye

Tabora hatuna vuli na masika kama watu wa pwani. Tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, unaoshusha milimita 900 hivi, kisha kiangazi kirefu. Moto mkali huja mwisho wa kiangazi. Kwa hiyo aliyeunguliwa katikati ya Septemba amebakiwa na wiki nane tu, pengine pungufu, kabla maji hayajamkuta nje.

Hapo ndipo familia nyingi hujimaliza zenyewe. Kila mtu anakimbilia kufyatua tofali. Kuta zinapanda mbichi, hela ya bati haijapatikana, mvua ya kwanza inanyesha juu ya ukuta usio na kofia. Wakati huohuo shamba halijaguswa. Mwaka unaofuata familia ina nusu ukuta na haina mahindi.

Ushauri wangu, ambao sehemu zote zinazofuata zimejengwa juu yake, ni huu: jenga mara mbili. Sasa hivi jenga kibanda imara cha kuvukia mvua, kwa mabati na mbao utakavyotumia tena. Novemba nenda shambani kama kawaida. Nyumba ya kudumu ianze Mei, mvua zikishakatika na chakula kikiwa kinaingia ndani.

Usijione mvivu kwa hilo. Paradise, mji wa California uliochomwa na moto wa tarehe 8 Novemba 2018, ulikuwa na watu wapatao 26,000. Watu 85 walikufa na karibu majengo 19,000 yakateketea katika eneo lote la moto ule. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta wakazi 4,764 tu. Hiyo ni nchi yenye fedha, na karibu mwaka mmoja na nusu ulikuwa umepita.

Kabla hujakanyaga kiwanja

Aliyeungua mwili ndiye wa kwanza. Jeraha limwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha lifunikwe kwa kitambaa safi na mtu apelekwe kituo cha afya. Hakuna dawa ya meno, mafuta ya taa, unga wala yai. Asali pia iache chupani, hata kama ni ya Sikonge. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114; piga hata kama unaona wako mbali, kwa sababu tukio litaandikwa na taarifa yao utaihitaji baadaye.

Kurudi kiwanjani subiri angalau siku moja baada ya moshi kuisha, na uende mchana, umevaa viatu vya kufunika mguu mzima. Kuna hatari tatu ambazo jicho halizioni.

Ya kwanza ni visiki. Kisiki cha mtundu au muva huendelea kuungua chini ya ardhi kwa siku nyingi kikifuata mizizi, na juu unaona majivu yametulia tu. Ukikanyaga, mguu unazama kwenye makaa. Tembea na fimbo ndefu, dunga ardhi mbele yako kila hatua chache.

Ya pili ni choo. Vyoo vyetu vingi vya shimo vina sakafu iliyolazwa juu ya magogo. Moto ukiingia kwa pembeni unakula magogo hayo, sakafu inabaki inaning'inia kwa udongo wake wenyewe. Zungushia kamba na uwakataze watoto siku hiyohiyo ya kwanza. Kisima kilichofunikwa kwa magogo nacho ni hivyohivyo.

Ya tatu ni umeme. Waya ukiwa chini usiuguse, wala usiamini jirani anayekuambia umekatika. Wasubiri TANESCO. Paneli ya sola iliyobaki nzima nayo huendelea kutoa umeme jua likiwaka, hata kama waya zake zimemenyeka, kwa hiyo ifunike kwa blanketi zito kabla ya kushika chochote.

Hesabu ya hasara: fagio lisubiri

Mtu akiona majivu mahali palipokuwa nyumba yake, mkono unatafuta fagio wenyewe. Uzuie. Kifusi kile ndicho shahidi wako mbele ya mtendaji wa kijiji, kampuni ya bima, chama cha msingi cha ushirika, na hata mbele ya ndugu watakaogawana michango. Ukishakizoa, umebaki na maneno.

Piga picha kwanza, na zipangilie. Simama kila pembe ya kiwanja upige kuelekea katikati. Kisha ingia chumba kwa chumba: picha moja ya mlangoni, moja ya kila ukuta, kisha vitu vyenyewe hata kama vimeyeyuka. Cherehani iliyoungua bado ina umbo la cherehani. Baiskeli ina fremu. Hesabu misumari ya bati ikikusaidia kukumbuka bati zilikuwa ngapi. Zitume picha hizo siku hiyohiyo kwa ndugu aliye mbali ili simu ikipotea zisipotee nayo.

Kisha daftari. Kaa na mwenzi wako na watoto wakubwa, mpitie nyumba kwa kumbukumbu: ukiingia mlangoni, kushoto kuna nini? Watoto hukumbuka vitu ambavyo watu wazima hawavikumbuki. Andika kitu, idadi, mwaka mlionunua na bei ya kukinunua leo. Usiongeze chumvi. Orodha yenye friji mbili katika nyumba isiyo na umeme hufanya orodha nzima ya kitongoji itiliwe shaka.

Vya nje ya nyumba viandikwe kwa ukurasa wao, maana hapa kwetu utajiri mkubwa hauko chumbani: magunia ya mahindi ghalani, mizinga na mahali ilipotundikwa, mifugo, bani la tumbaku (banda la kukaushia majani) na mbao zake, pembejeo ulizochukua kwa mkopo. Mkulima wa tumbaku atoe taarifa ya maandishi kwa chama chake cha msingi mapema, na abaki na nakala yenye muhuri. Deni la mbolea halifutiki kwa sababu mbolea imeungua, na mazungumzo kuhusu deni ni mepesi zaidi kabla ya msimu wa masoko kuliko wakati makato yamekwisha kufanywa.

Orodha iende kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazo kamati za maafa tangu ngazi ya kijiji na mtaa hadi mkoa, na kamati hizo hufanya kazi kwa karatasi. Familia isiyoandikwa kijijini haitaonekana wilayani. Omba isainiwe na kugongwa muhuri, piga picha.

Kwa mwenye bima: soma hati inasema utoe taarifa ndani ya muda gani, toa taarifa kabla muda huo haujapita, na usikubali kusaini kwamba umelipwa "kikamilifu na mwisho" kwa malipo ya awali. Ukikwama na kampuni, malalamiko hupelekwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Karatasi zilizoungua

Nenda polisi uandikishe nyaraka zote zilizoteketea kwa mara moja, upate ripoti ya upotevu. Bila hiyo milango mingine haifunguki. Kisha anza na kitambulisho cha taifa, kwa sababu ndicho kinachovuta vingine. Namba ya NIDA haiungui. Ukiwa nayo na alama za vidole vyako unarudishiwa laini ya simu, na ukishapata laini, fedha iliyokuwa kwenye simu iko palepale. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo akiba pekee iliyosalimika, kwa hiyo fanya hili wiki ya kwanza.

Vyeti vya kuzaliwa hutafutwa kwenye kumbukumbu za RITA kupitia ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya. Vyeti vya shule vina utaratibu wake kwa Baraza la Mitihani, na ni wa polepole, lakini watoto wasikae nyumbani kwa sababu hiyo. Mwenye hati ya hakimiliki ya kimila asihangaike sana: chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 kumbukumbu yake iko masjala ya ardhi ya kijiji na ya wilaya.

Asiye na hati yoyote afanye jambo moja kabla kifusi hakijaondolewa: awaite majirani wa pande zote nne pamoja na mwenyekiti, watembee mpaka, wachimbie alama na kuandika muhtasari wenye saini zao. Moto hufuta mipaka. Minyaa iliyokuwa ua imekwenda, mti uliokuwa kona umekwenda, na ugomvi wa mpaka huanza pale mmoja anapochimba msingi.

Noti zilizoungua nusu usizibandue wala kuzinyoosha. Zitie kwenye bahasha ngumu kama zilivyo, uzipeleke benki uulize.

Na usiuze kiwanja. Lahaina, mji wa kisiwa cha Maui, Hawaii, ulioungua tarehe 8 Agosti 2023 na kupoteza watu 102, wakazi walilalamika kupigiwa simu na wanunuzi wa ardhi wakati moshi haujaisha vizuri. Na kwetu atakuja mtu mwenye huruma na fedha taslimu. Mwambie arudi Mei.

Majivu

Majivu ya porini na majivu ya nyumba ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya porini ni ya mimea; shambani hayana ubaya, yanapunguza hata uchachu wa udongo kidogo. Ya nyumba yamechanganyika na plastiki, rangi, betri, godoro la sponji na, kwa nyumba za wakulima wa tumbaku, makopo ya viuatilifu. Hayo yasiende bustanini wala kwenye banda la kuku.

Los Angeles walisafisha kwa awamu mbili. Baada ya moto ulioanza tarehe 7 Januari 2025 na kuteketeza majengo zaidi ya 16,000 kule Palisades na Altadena, kikosi cha kwanza kilipita kikitoa vitu vya sumu tu: betri, rangi, mitungi ya gesi. Cha pili ndicho kilichozoa kifusi. Utaratibu huo hauhitaji mitambo, na mimi ningeufuata hata kwa nyumba ya vyumba viwili.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya kusafisha tafuteni betri za sola na za gari, mitungi ya gesi, makopo ya dawa za shambani na mapipa ya mafuta. Viwekwe mbali na maji, juu ya turubai, halmashauri iulizwe pa kuvipeleka. Betri ya sola ya kawaida ina madini ya risasi na tindikali. Mtoto asiiguse, na fundi wa vyuma chakavu asiipasulie kitongojini.

Siku zinazofuata mwagia kifusi maji kidogo kabla ya koleo, kiasi cha kulaza vumbi tu. Vaa barakoa nzuri, glovu, mikono mirefu. Kitambaa cha kanga mdomoni hakizuii vumbi laini la majivu. Wajawazito, wenye pumu na watoto wasiwe kazini. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Ukikuta vipande vya kijivu vya mabati ya saruji, yale ya asbesto yaliyokuwa yakiezekwa kwenye majengo ya zamani ya taasisi, simama. Usivunje, usifagie. Loanisha, zungushia kamba, toa taarifa.

Kifusi kisimwagwe kwenye korongo, maana Novemba korongo hilo litakuwa mto, na wa bondeni ndio watakaokunywa. Chagueni eneo moja la juu mbali na visima, mchimbe shimo la pamoja na kulifunika kwa udongo.

Maji

Paradise walikuta kemikali iitwayo benzini kwenye mabomba ya maji baada ya moto. Mabomba ya plastiki yaliungua, shinikizo la maji likashuka, moshi na uchafu vikafyonzwa ndani. Kuchemsha hakusaidii kwa kemikali ya aina hiyo. Basi bomba la plastiki lililoyeyuka au kujikunja litupwe pamoja na kipande cha pande zote mbili, na mkazi wa mjini asifungue mita mpaka TUWASA, mamlaka ya maji ya Tabora, wamepima.

Tanki la plastiki lililovimba ubavu lisitumike kwa maji ya kunywa. Kisima kifupi kilichoingiwa na majivu kitekwe mpaka maji yawe safi, kisha bwana afya aombwe dawa ya kutibu. Mvua za kwanza zisikingwe. Toa mfereji kwenye tanki, paa lioshwe mara mbili tatu.

Choo, kisha kibanda

Choo kabla ya kibanda. Familia kumi zilizobanana uwanja wa shule bila choo huleta kipindupindu mvua zikianza, na hiyo ni maafa ya pili. Chimba kipya, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na sakafu iwe ya zege.

Kibanda cha kuvukia mvua kina sheria moja: kila shilingi iliyoingia humo irudi kwenye nyumba ya kudumu. Nunua bati geji 28, usishawishike na geji 32, ambalo ni jembamba zaidi, kwa sababu ni rahisi. Ukiitoboa mara ya pili imekwisha. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa wimbi, kwa mstari ulionyooka, ili mwakani matundu yaleyale yatumike. Mbao za kenchi zikatwe kwa vipimo vya nyumba ya baadaye, hata kama kibanda kitaonekana kina paa kubwa kuliko mwili. Paa kubwa ni baraka wakati wa mvua. Utapika chini yake.

Kuta zinaweza kuwa za nguzo na udongo, au turubai. Sakafu ipandishwe sentimita 20 hivi juu ya ardhi, mfereji uzunguke pande zote. Kibanda kisimame pembeni mwa kiwanja ili msingi wa Mei uchimbwe mkiwa mnaishi humo. Vyandarua viwe vya kwanza kwenye orodha ya misaada. Malaria ya Tabora haina likizo.

Michango, kamati na wapangaji

Watatoka watu: msikiti, kanisa, watoto wa kijiji walioko Dar es Salaam, wafanyabiashara wa mjini. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wazee walisema, na safari hii moto wenyewe ni wa kupikia. Lakini fedha ya msiba huvunja vijiji kuliko moto.

Chagueni kamati ya watu watano kwenye mkutano wa hadhara, wanawake wasipungue wawili, na mwenyekiti wa kitongoji asiwe mshika fedha. Namba ya simu ya michango iwe moja, itangazwe na mwenyekiti mwenyewe. Matapeli hufungua namba zao kabla hamjafungua yenu. Kila wiki daftari lisomwe kwa sauti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki.

Orodha ya wanaostahili ihesabu kaya, isihesabu nyumba. Nyumba moja ya vyumba sita pale Ng'ambo au Cheyo inaweza kuwa na wapangaji watano na mwenye nyumba anayeishi Mwanza. Ukihesabu nyumba, mwenye nyumba anapata bati na wapangaji watano wanapata pole. Kosa hili hufanyika karibu kila mahali, Marekani pia, kwa sababu karatasi zote hufuata mwenye mali. Mpangaji alipoteza godoro, cherehani, mtaji wa genge. Huyo msaada wake ni fedha ya kuanzia na miezi michache ya kodi, na anatakiwa atajwe kwa jina kwenye daftari.

Kipi kinabaki, kipi kinatupwa

Usivunje ukuta kwa hasira. Tofali la kuchoma limeshapita kwenye tanuru, kwa hiyo mara nyingi linavumilia; kinacholegea ni udongo uliolishikilia. Shusha timazi kila kona. Ukuta ulioinama, au wenye ufa unaopita mkono wako, ubomolewe na tofali zisafishwe kwa matumizi mengine. Ukuta ulionyooka funika kichwa chake kwa nailoni au bati kuukuu kabla ya mvua, uamue Mei.

Zege lina dalili yake. Likipata joto la nyuzi 300 na kuendelea, mara nyingi hubadilika rangi likawa la waridi, na nguvu yake inaanza kushuka. Linta (boriti ya juu ya mlango au dirisha) ya waridi, iliyomenyeka mpaka nondo zinaonekana, isibebeshwe paa tena. Mwite fundi mwenye ujuzi au mhandisi wa halmashauri.

Bati lililoungua limepoteza madini ya zinki yanayolikinga. Litaota kutu msimu mmoja tu. Litumie kwa ua au kufunika kuni, lisipande juu ya watoto.

Nyumba ya kudumu, kuanzia Mei

Tarehe 22 Agosti 1871 watu wa Mtemi Mirambo waliingia Tabora na sehemu ya mji ikateketea. Ilikuwa vita, lakini mwezi ni uleule wa nyasi kavu. Nyumba za wakubwa wa enzi hizo zilikuwa tembe, kama lile la Kwihara walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872: kuta nene za udongo, paa la miti lililofunikwa udongo. Cheche ikianguka juu ya udongo inazimika. Sisemi turudi kwenye tembe, ingawa wapo ambao wangelala vizuri zaidi humo kuliko chini ya bati la Oktoba. Nasema babu zetu walijua kwamba nyumba hushika moto kupitia kichwa chake.

Na ndivyo ilivyo. Nyumba nyingi katika moto wa aina hii hazichomwi na ukuta wa miali ya moto. Zinachomwa na cheche zinazopeperushwa na upepo, wakati mwingine zaidi ya kilomita moja, zikatua kwenye nyasi za paa au kupenya upenyo kati ya bati na ukuta. Kwa hiyo paa liwe bati, na upenyo ule uzibwe: kwa udongo na saruji, au kwa wavu wa chuma wenye matundu madogo ya milimita 3 pale panapohitaji hewa. Wavu wa nailoni unayeyuka.

Jiko la nje lenye paa la nyasi ndilo utambi wa nyumba nzima. Liezeke kwa bati kuukuu lile lililoungua, angalau hapo lina kazi.

Sasa tofali. Watu watasema miti imekufa tayari, tuikate tuchome tanuru. Mimi nakataa, kwa sababu miti hiyo mingi haijafa, na kwa sababu kitongoji kizima kikijenga kwa tanuru mwaka mmoja, msitu uliobaki utaisha kuliko moto ulivyoumaliza. Tofali za kufungamana za udongo na saruji, zile zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kuhamasishwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, hazihitaji kuni. Familia kadhaa zinaweza kuchangia mashine moja.

Pima udongo kwanza. Jaza chupa ya kioo udongo hadi theluthi, ongeza maji na kijiko cha chumvi, tikisa sana, ulaze usiku kucha. Chini kutakuwa na mchanga, katikati tope laini, juu mfinyanzi. Mchanga uwe ndio mwingi. Udongo wa kichuguu, tuupendao kwa tofali za kuchoma, una mfinyanzi mwingi mno. Uuchanganye na mchanga la sivyo tofali litapasuka likikauka. Chekecha, changanya saruji asilimia 5 hadi 10 ya ujazo, maji kidogo tu: ukifinya ngumi liwe donge, ukiliangusha kutoka usawa wa kiuno livunjike vipande vichache.

Tofali zikae kivulini zimefunikwa, zimwagiwe maji kila siku kwa wiki nzima angalau, na zisijengewe kabla ya wiki mbili. Nne ni bora. Hii ndiyo sababu nyingine haziwezekani Oktoba. Msingi uwe wa mawe au zege na upande juu ya usawa wa maji yanayotapakaa. Mjini usisahau kibali cha ujenzi cha Manispaa, hata kama unajenga palepale.

Kuzunguka nyumba

California wanasisitiza mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani isiwe na kitu kinachoshika moto, na usafishaji uendelee hadi mita 30. Kwetu mita ile ya kwanza tunayo tayari: ni uwanja uliofagiwa, bibi zetu waliufagia kila asubuhi. Kinachotuponza ni kuni zilizopangwa ukutani, mabua chini ya dirisha, na ua wa nyasi unaogusa bati. Kuni ziende mita 10. Bani la tumbaku na lundo lake la magogo liende mbali kadiri kiwanja kinavyoruhusu, upande ambao upepo wa kiangazi hautoki.

Mashamba yaliyoachwa ni hatari kuliko msitu wenyewe. Moto wa Lahaina ulilishwa na nyasi ngeni ndefu zilizoota kwenye mashamba ya miwa yaliyotelekezwa. Shamba la mtu aliyehamia mjini, lililojaa nyasi kufikia kifuani, ni la kuzungumzwa kwenye mkutano wa kijiji na kuwekewa sheria ndogo.

Miti na mizinga

Usikate mti mweusi mwaka wa kwanza. Kwangua gome kwa kisu. Ukiona kijani au unyevu chini yake, uko hai. Miti ya miombo huchipua Septemba na Oktoba, kabla hata ya mvua, na mninga mchanga uliokauka juu huchipua tena kutoka mzizini. Lahaina kuna mti mkubwa uliopandwa mwaka 1873. Uliunguzwa vibaya, wakaumwagilia, ukatoa majani ndani ya wiki chache. Mwembe wako upe nafasi hiyohiyo. Wachoma mkaa watakuja mapema na bei. Eneo lililoungua kijiji kilifunge kwa sheria ndogo.

Mzinga wa magome ukishaungua umekwisha, lakini makundi ya nyuki yaliyohama hutafuta makao mvua zikianza. Andaa mizinga ya mbao mapema, ipake nta, itundike karibu na maji. Chini ya kila mzinga palimwe duara la mita 3. Na wakati wa kurina, bomba la moshi lichukue nafasi ya kienge cha nyasi, kwa sababu mioto kadhaa ya porini huanzia kwa mrina asali aliyetupa kienge akidhani kimezimika.

Barabara ya kukingia moto kuzunguka kitongoji ilimwe Mei, nyasi zikiwa bado na ubichi, upana usiopungua mita 5. Kama kijiji kitachagua kuchoma mapema ili kupunguza nyasi, ifanyike Mei au mwanzoni mwa Juni, jioni upepo ukitulia, watu wakiwa na matawi mabichi na maji mkononi, na kwa kibali, maana Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakataza kuchoma ovyo. Ofisa misitu wa wilaya au TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, waambiwe siku na saa. Zamu ya kulinda iendelee mpaka asubuhi ya siku ya pili, kwa sababu visiki havizimiki usiku mmoja.